Shemeji Alivyovivalisha Vitabu vya Dada

Watu hupenda kusema mpenda vitabu huvitunza kama mayai. Kwa dada yangu, uongo mtupu. Yeye alivila. Alisoma huku anakoroga sufuria, alisoma chooni mpaka tunapiga mlango kwa ngumi, na siku ya msiba wa mjomba wetu alisoma katikati ya waombolezaji, kitabu kimefichwa ndani ya mtandio. Machozi yalipomtoka, wanawake wakanong'onezana, "Jamani, huyu alimpenda mjomba wake." Mjomba gani! Kuna binti kwenye kitabu alikuwa ameachwa kituo cha treni na mizigo yake. Mimi nilikaa naye bega kwa bega. Nilimfinya paja mpaka akaguna, na kile kiguno nacho kikachukuliwa kuwa ni uchungu.

Mimi ni msusi. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na mashine ya mvuke ya kumfunika mteja kichwa mpaka nywele zilainike. Kusoma najua, lakini kitabu na mimi hatujawahi kuelewana. Nikifika ukurasa wa tatu nakumbuka nguo ziko kwenye kamba. Vitabu vyote ninavyovijua nimevijua kwa masikio, maana kila Jumapili Dada alikaa chini katikati ya magoti yangu, nikamsuka, naye akanisimulia alichosoma wiki ile. Akifika pahali patamu ananyamaza makusudi, mshenzi yule, na mimi navuta unywele.

"We! Utaning'oa!"

"Sema basi, alimwoa au hakumwoa?"

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mashuka, foronya, mashati ya wageni, mpaka miguu inavimba. Juu ya meza yake palikuwa na kirafu cha kuwekea chupa ya maji ya kunyunyizia, na hapo ndipo kitabu kilipokaa, kimebanwa wazi kwa vibanio viwili vya nguo. Alikuwa na kipimo chake: pasi kupata moto ni ukurasa mmoja na nusu. Msimamizi akija kufoka, yeye bila kuinua macho anamwambia, "Ukurasa mmoja tu, bosi." Wenzake wakambatiza jina, Ukurasa Mmoja. Mashati aliunguza, siwezi kumtetea. Kuna moja lilikwenda na maji kwa sababu ya watu wawili waliokuwa wanapatana baada ya kugombana sura nzima. "Ningewaachaje pale?" alinieleza, na uso wake mkavu kabisa.

Nyumbani alikuwa na rafu ya ukuta mzima. Rafu yenyewe aliitengeneza mumewe kwa mbao za mabango yaliyokataliwa na wateja, kwa hiyo ukichungulia nyuma ya vitabu unaona KARIBUNI, unaona KINYOZI, unaona nusu ya mkono unaoonyesha njia. Vitabu alinunua kwa wale wauzaji wa vikuukuu wanaotandika turubai kando ya barabara, na wala hakuviita kwa majina yake. Kulikuwa na Kile cha Manjano, cha mjane na mama mkwe wake waliokaa nyumba moja bila kusemezana, wanatumiana maneno kupitia kwa paka. Hicho alikisoma akiwa na mimba ya kwanza, na kina doa la chai kwenye jalada, siku mtoto alipompiga teke kikombe kikamponyoka. Kulikuwa na Kile cha Ngazi, kinene kuliko vyote, chenye picha ya ngazi ya buluu na mwanamume ameketi kwenye kidato cha kwanza: mlinzi wa jengo refu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda juu. Kulikuwa na Kile cha Mwanamke Asiyetazama, kwa kuwa huyo wa kwenye picha amekupa mgongo na hutamwona uso hata ukilia.

"Hivi hicho cha Manjano umekisoma mara ngapi?" nilimuuliza siku moja.

"Sikumbuki. Mara ya kwanza nilimlaumu mama mkwe. Watoto walipokua nikamlaumu mjane. Siku hizi namlaumu paka."

"Kitabu kilekile! Hakibadiliki hata nukta."

"Mbona wewe unamsuka mteja yuleyule mtindo uleule?"

"Nywele zinakua."

"Na mimi nakua."

Nikamvuta unywele, nikaendelea kusuka.

Sasa shemeji yangu. Yeye ni mwandika mabango. Mjini huku wanamwita Fundi Herufi, na kama umewahi kusoma USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wowote, ukajisikia kama umekaripiwa na mtu mwenye heshima zake, hiyo ni kazi yake. Ana brashi zake kwenye kopo, ana kamba ya kupimia mstari, na ana mkono usiotetemeka hata akiwa juu ya ngazi upepo unavuma. Kitabu hajawahi kufungua. "Kitabu kina maneno mengi mno," alikuwa akisema. "Mimi kazi yangu maneno manne. Yakizidi manne, mteja hajui anachouza." Tena alikuwa na msemo wake mwingine, aliourithi kwa fundi aliyemfundisha: hakuna mtu asiyejua kusoma, kuna herufi mbaya tu. Watu wakishindwa kusoma bango, alibandua, akaandika upya, kubwa zaidi, na nyeusi zaidi. Na kweli walisoma. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna siku dawa hiyo ilimwangusha. Naomba ulishike hilo, maana ndilo lililotumaliza.

Walipendana, wale. Watoto wao wawili wako mbali, wanapiga simu, nyumba imebaki ya wazee wawili wasio wazee sana. Jioni yeye anasafisha brashi, Dada anasoma, hawasemi kitu, na ukiingia pale unajiona umekatiza mazungumzo.

Basi asubuhi moja, Dada yuko kazini, kachomeka pasi, kageukia kitabu chake. Akakitazama. Akafoka, "Nani kabadilisha kitabu changu?" Wenzake wakadhani utani. Akakinyofoa kwenye vibanio, akakigeuza huku na huku. "Mmeniwekea cha lugha gani hiki? Rudisheni changu, sipendi mchezo huu." Mmoja wao, mwanamke wa mashine za kukaushia, akakichukua akasoma kwa sauti mistari miwili. Kiswahili safi. Kitabu kilekile, ukurasa uleule alioacha jana yake. Dada akamsikiliza mpaka mwisho wa mstari, kisha akakaa chini juu ya bunda la mashuka machafu, akasema nipigiwe simu mimi.

Kiharusi, wakasema hospitali. Kidogo tu. Mikono mizima, miguu mizima, mdomo haukupinda, ulimi una makali yake yote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti pale pale wodini, nikafikiri tumepona. Daktari, mwanamke mmoja mtaratibu sana, akampa kalamu na karatasi. "Niandikie chochote." Dada akaandika bila kusita: Mume wangu yuko nje na hajala tangu jana. Mwandiko wake mzuri, umelala upande kama kawaida. Daktari akachukua karatasi, akaikunja kidogo, akamrudishia. "Sasa nisomee."

Dada akaitazama. Nikataka kumsaidia, daktari akanizuia kwa mkono.

"Najua nimeandika nini kwa sababu nimeandika mimi," Dada akasema. "Lakini hapa sioni kitu. Naona mistari mistari."

Namba zilibaki. Hilo nalo ni la ajabu, sijui nani hupanga mambo haya. Akionyeshwa 7 anasema saba, akionyeshwa neno saba anakodoa macho. Baadaye aliniambia, "Nikifungua kitabu najua niko ukurasa wa arobaini. Sijui arobaini ya nini."

Daktari alitukalisha mimi na Shemeji, akatuelezea. Macho yake mazima, akasema. Maneno yako kichwani, mazima pia. Njia ya kutoka kwenye macho kwenda kwenye maneno ndiyo imekatika. Inaweza kurudi kidogo kidogo kwa mazoezi, inaweza isirudi. Shemeji aliitikia kwa kichwa muda wote. Tulipotoka akaniambia, "Umesikia, shemeji? Macho mazima." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Mimi nikaona mwanamume anajipa moyo, nikamwacha.

Tulijaribu kila kitu. Nilimsomea mimi, akavumilia dakika chache akanikata. "Mdogo wangu, unasoma kama unagombana na mwandishi." Nikasoma polepole, akasinzia. Mwanawe akamtumia kwenye simu hadithi zinazosomwa na watu wa sauti nzuri, akasikiliza, akazima. "Ananipita," akasema. "Mimi nikifika pahali nimependa nasimama, narudi nyuma, nakaa hapo. Huyu haningoji." Kwenye mazoezi walimfundisha kuifuata herufi kwa kidole ili mkono uitambue badala ya jicho. Aliweza! Nilipiga vigelegele. Lakini neno moja lilimchukua mpaka chai ikapoa, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Penye nia pana njia, wanasema. Nia alikuwa nayo Dada ya kujaza gunia. Njia ndiyo iliyokatika.

Hotelini walimrudisha kazini, kazi ya mikono haikumharibikia. Siku hizo hakuunguza shati hata moja. Msimamizi akamsifu mbele ya wenzake, na Dada akaja kwangu jioni akanisimulia sifa hizo kwa sauti ambayo sikuipenda.

Kitu kimoja alibaki nacho, nacho ni sura za vitabu vyake. Maana picha aliziona vizuri, na rangi, na madoa. Alikuwa akirudi kazini anavuta kiti mbele ya rafu, anapitisha macho, kisha mkono unakwenda moja kwa moja, hausiti. Anachomoa Kile cha Manjano, anakiweka mapajani, anagusa lile doa, na hadithi yote inamjia, na mimba, na joto la mwaka ule, na chumba walichopanga kabla ya hiki. "Kuwasoma hawa siwezi tena," alisema, anawaita hawa kama watu, "lakini nikiwaona nyuso nawajua. Nawajua wote." Alikuwa anaweza kukaa hivyo jioni nzima, anashika huyu, anarudisha, anashika yule. Jumapili nikimsuka, ananiagiza, "Niletee yule aliyekupa mgongo," anakishika kitabu, kimefungwa, ananisimulia. Nikaanza kufikiri, haya, maisha yanakwenda. Aliyeumwa ni yeye, na yeye ndiye alikuwa anatufariji sisi.

Siku hiyo nilimsindikiza mazoezini. Foleni ilikuwa ndefu, tukarudi jua limeshageuka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa rangi nyekundu, anacheka peke yake kama bwana harusi. "Funga macho," akamwambia mkewe. Dada akafunga. Akamshika mkono akamwingiza ndani, mimi nyuma yao, na mimi ndiye niliyeona kwanza.

Alikuwa amevivalisha vitabu vyote. Vyote, jamani. Karatasi ya kaki, ile tuliyojaladia madaftari shuleni, imekunjwa pembe kwa ufundi, imepakwa gundi isije ikavuka. Halafu kaviweka kwa kimo, virefu huku, vifupi kule, vimesimama wima kama askari. Na kwenye kila mgongo na kila uso wa kitabu, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, kaandika jina. Herufi kubwa, zilizonyooka, nzuri ajabu. Sijawahi kumwona akiandika vizuri kiasi kile, hata bango la benki hakuliandika hivyo. Ilikuwa kazi ya siku mbili kaifanya kwa nusu siku, na alikuwa ameacha kazi ya mtu.

"Fungua," akasema.

Dada akafungua macho. Nilimwona akipitisha macho kwenye rafu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akarudi mwanzo. Kaki, kaki, kaki. Mkono wake uliinuka kidogo, ukakosa pa kwenda.

"Zile zao zilikuwa herufi ndogo ndogo, nyingine za dhahabu, nani anaona dhahabu?" Shemeji alikuwa anaeleza, hapumui. "Nani asipate taabu? Sasa hizi hata mtu wa ng'ambo ya barabara anasoma. Jaribu. Chukua chochote, niambie ni kipi."

Nilitaka kusema jina la kitabu nijifanye nimeropoka, lakini sikujua atachukua kipi. Dada akasogea, akapapasa migongo kwa ncha za vidole. Akasimama kwenye kile kinene. Akakipima uzito, akahisi pale kilipovunjika uti kwa kufunguliwa mara nyingi.

"Hiki ni cha mlinzi wa jengo," akasema. "Cha ngazi."

"Amesoma!" Shemeji akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Shemeji, umesikia? Amesoma!" Na akatoka. Akatoka na mikono yake ya rangi kwenda kuwaambia majirani, tukamsikia anagonga mlango wa kwanza, wa pili, anasema nilijua, mimi nilijua, ni suala la ukubwa wa herufi tu.

Tulibaki wawili. Nikachemka. Mimi hasira ziko karibu, sifichi. "Namwita arudi," nikasema. "Namweleza sasa hivi alichokifanya. Mtu mzima hawezi kuelezwa na daktari akaitikia kwa kichwa kama kinyonga halafu—"

"Hutamweleza."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kitaniumbua, sawa. Lakini si leo, na si kwa mdomo wako." Akakaa kwenye kile kiti chake mbele ya rafu. "Umemwona uso? Tangu niugue hajacheka. Anakuja pale kitandani ananitazama kama nimeshakufa. Mimi mzigo wangu nimeshauzoea. Usimpe na yeye wake."

"Na vitabu vyako?"

Alichomoa kimoja, akakinusa, akakitikisa kidogo karibu na sikio. Akakirudisha. "Sijui huyu ni nani," akasema.

Nikasema, liwalo na liwe, siwezi kukaa mikono mitupu. Kesho yake nikakiiba kimoja. Kile cha Mwanamke Asiyetazama, jina lake la kweli nilishalizoea kwa kumletea kila Jumapili, nikalisoma mwenyewe kwenye mgongo kwa msaada wa herufi za Shemeji, ndipo ujue dunia ina kejeli. Nikakipeleka kwenye chumba changu cha kusukia. Nina mashine ya mvuke. Karatasi iliyogandishwa na gundi si inalainika kwa mvuke? Mteja wangu mmoja alikuwa kakaa na dawa kichwani, nikamwondoa chini ya mashine nikaweka kitabu.

"Ebo! Mimi natoka ili kitabu kiingie?" akauliza.

"Kina haraka kuliko wewe."

Nikangoja. Nikashika pembe ya karatasi kwa kucha, nikavuta taratibu, kwa upole ninaomfumulia mtoto mwenye kichwa kibichi. Ikaja. Furaha ikanipanda. Halafu nikaona karatasi inakuja nzito. Yule mwanamke alikuwa anakuja nayo. Mgongo wake wote, bega, nywele, vimegandia upande wa ndani wa kaki, na kwenye kitabu pamebaki weupe mtupu wenye magamba. Gundi ya Shemeji ni ya kubandikia mabango ukutani, inahimili mvua. Nikajaribu upande wa pili, ikawa vilevile. Mimi ninayefumua nywele zilizoshonwa kwa sindano na uzi, nilishindwa na karatasi ya kaki. Nikakaa kwenye kiti cha mteja nikalia, na mteja mwenyewe kasimama na dawa yake kichwani inamwasha, ananipigapiga mgongo, hajui kafiwa nani.

Dada sikumwambia. Kitabu kile nikakificha chini ya droo ya nywele za bandia. Hakuniuliza, maana hakujua kuwa kimepungua.

Na uongo ule ukaanza kutembea wenyewe. Jioni Shemeji anasafisha brashi, Dada anachukua kitabu chochote kinachomjia mkononi, anakifungua, anafunua kurasa kwa mwendo wake wa zamani. Namba za ukurasa zinamwonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Majirani wanampongeza. Hotelini waliposikia kapona, wakampa kazi ya kupanga nguo za wageni kwa vikaratasi vya majina, akaikataa, akasema mgongo unamuuma. Kila siku mtego mpya. Mimi nikienda pale nakaa kama mtu aliyekalia msumari. Nikimtazama Shemeji, ana furaha. Nikimtazama Dada, ananikazia macho. Nifanye nini? Niseme, nimvunje huyu. Ninyamaze, yule anakufa kidogo kidogo mbele yangu. Sijawahi kujiona mjinga na mnyonge kama miezi ile.

Jumapili moja nilikwenda kumsuka kama kawaida. Nilikuwa sijatoa hata chanuo. Shemeji akamaliza chai yake, akasema jambo ambalo katika ndoa yao yote hajawahi kulisema.

"Mke wangu, nisomee na mimi."

Dada akacheka. "Wewe? Maneno yamezidi manne."

"Nisomee. Nilikaribia kukukosa. Miaka yote umekaa na hawa watu kwenye kona yako, mimi hata mmoja simjui."

Mwambie kichwa kinauma, niliomba kimoyomoyo, mwambie mdogo wangu ananisuka. Lakini Dada alishanyanyuka. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Alikuwa ametamani kuombwa hivyo maisha yake yote, ndivyo ninavyoamini. Akapapasa rafu, akachomoa kimoja chenye unene wa wastani, akakaa nacho, jalada limeelekea magoti. Shemeji alikuwa anavuta kiti, hakuona. Mimi niliona. UFUGAJI WA NYUKI, hatua kwa hatua. Alikinunua zamani kwenye turubai kwa sababu kilikuwa peke yake pembeni akakionea huruma.

Akafungua katikati, akakohoa, akaanza.

Alianza hadithi ya mwanamke mshona viatu aliyehamia mji mgeni, na kila jioni mtu anakuja kugonga mlango wake mara moja tu kisha anakwenda zake. Naijua hadithi hiyo, alinisimulia mara nyingi. Lakini sijawahi kuisikia vile. Alikuwa haisimulii, alikuwa anaisoma, neno kwa neno, na vituo vyake, na sauti ya mshona viatu chini na sauti ya mji juu. Macho yake yanakwenda kulia, yanarudi kushoto, yanakwenda kulia. Shemeji alisahau kuvuta pumzi. Alipocheka, alicheka pahali penyewe. Kisha taratibu akasogeza kiti, akaja bega kwa bega na mkewe, akainamia ukurasa aone yale maneno yanayosema mambo yale yote.

Mkono wake wa kazi ukamponza. Yeye herufi hazitazami tu, huzifuata kwa kidole. Kidole chenye rangi ya bango la juzi kikashuka kwenye mstari, kikaenda, kikaenda. Kikasimama.

Nilimwona akisoma mstari ule mara ya pili. Akainua jalada kidogo kwa chini, akasoma alichokiandika mwenyewe. Halafu akageuza kichwa akatazama rafu yake. Aliitazama kitabu baada ya kitabu, kaki zote zile, safu nzima, na nikaona inavyomwingia, pole pole, mpaka ikafika. Akanitazama mimi.

Dada alikuwa bado anasoma. Alikuwa amezama, amesahau hata kufunua. Shemeji akanyoosha mkono akamfunulia ukurasa.

Ukurasa uliofuata haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa mchoro mkubwa wa mzinga, umepasuliwa uonekane ndani, na nyuki wake.

Dada akanyamaza katikati ya sentensi. Picha anaziona, si nilikwambia. Akautazama ule mzinga. Sote watatu tuliutazama, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira.

"Usiniache njiani," Shemeji akasema mwishowe. "Huyo anayegonga. Yule mama alimfungulia, au hakumfungulia?"

Dada akaweka kiganja chake juu ya mzinga, akakitandaza mpaka mchoro wote ukafunikwa.

"Alimfungulia," akasema. "Lakini siku hiyo aliyegonga alikuwa mtu mwingine."

"Soma," Shemeji akasema. "Soma hapo."

Akaendelea. Mimi nikatoka uani nikalia kwa sauti, na hakuna aliyekuja kuniuliza nina nini, maana ndani kule walikuwa bado wanasoma.